Chupa Mbili Zisizo na Kibandiko

Jumatano, Januari 8

Nimefika Hopkins, huku ughaibuni, salama, mgongo tu ndio umebaki ndegeni. Chepkemoi alikuja kunipokea amevaa koti refu jeusi lililomfunika hadi vifundoni. Nilipomkumbatia nikalisikia tumbo, gumu na la duara, naye akajitoa haraka akaanza kuuliza habari za mabegi. Mtoto wangu huyu. Jina lake lasema alizaliwa usiku, na kwa kweli mambo yake huwa huyaoni mpaka pakuche.

Kwa simu aliniambia maneno machache tu: "Mum, niko na mimba, miezi mitano, niko sawa. Utakuja?" Nikaja.

Mumewe, Kiprop, anafanya kazi kwenye maghala ya nafaka huko Savage, kando ya mto. Yeye alizaliwa mvua ikinyesha, na jina lake lasema hivyo. Amebeba mabegi yote mara moja ngazi mbili bila kuguna. Nampa nane kwa kumi. Nimestaafu kufundisha Biolojia lakini mkono bado unatafuta kalamu nyekundu.

Ijumaa, Januari 10

Theluji. Sijatoka.

Jumapili, Januari 12

Leo nimeharibu.

Tulikwenda kwenye ibada ya Wakenya. Wanakodi kanisa la Walutheri na kuingia mchana wenyewe wakishatoka. Matangazo yalipofika, mchungaji akaomba wageni wasimame wajitambulishe, kama kwetu. Mimi sijawahi kuombwa kusimama nikakaa. Nikasema: naitwa Mwalimu Serah, natoka Bomet, ni mama yake Chepkemoi, na nimekuja kumpokea mjukuu wangu.

Vigelegele vilipasua dari. Mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kengele ya shule, nesi kutoka Kisii aitwaye Kemunto, ambaye ndiye kiongozi wa akina mama, aliruka viti akamkumbatia Chepkemoi na koti lake. Kabla ya sala ya kufunga, simu zilikuwa zinalia mikobani, kundi lao la WhatsApp limepata habari. Mwanangu alitabasamu muda wote.

Nyumbani alivua koti, akalitundika polepole, akaniambia, "Mum, hakuna mtu alikuwa anajua. Hii koti nimevaa tangu October ndio wasijue."

Akaingia chumbani akafunga mlango.

Kiprop ndiye aliyenieleza, tukiosha vyombo, huku akiangalia sinki. Mimba mbili zimewatoka, zote mwezi wa tano. Mimi nilikuwa najua moja. Kazi ya Chepkemoi ni kupiga wajawazito skani katika kliniki moja kule Plymouth, na kwenye mimba ile ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, alijilaza mwenyewe kitandani pa wagonjwa, akajipaka mafuta, akashika mashine ili amwone mtoto wake. Moyo haukuwa unapiga. Ile ya pili ikawa vilevile, jioni, wagonjwa wameshaondoka, mashine ileile na mkono uleule. Tangu hapo hataki kuona. Kila akienda kupimwa anaomba skrini igeuziwe ukutani, na swali lake ni moja tu, sawa au si sawa.

Anaangalia watoto wa watu kuanzia asubuhi hadi jioni, wa kwake haangalii. Na mimi mama yake nimesimama kanisani kumtangaza kama tarehe ya mtihani. Nimejipa sifuri.

Jumanne, Januari 14

Ameniambia "chai iko kwa flask." Ndiyo maneno yote ya leo.

Jumamosi, Januari 18

Nimetembea hadi maktaba nikiwa nimefungwa kama kabichi, macho tu nje. Nimeazima kitabu kinene juu ya watu wa zamani waliotaka kujua mtoto anatokeaje tumboni. Niliyafundisha hayo kwa haraka miaka yote, kurasa mbili za kitabu cha Form Three, kwa sababu mtihani haukuyauliza.

Jioni Chepkemoi alikuwa anakunja nguo sebuleni. Nikaanza kusoma kwa sauti, nikimtafsiria. Aliponitazama nikamwambia sizungumzi naye, najisomea.

Nilimsomea habari za Aristotle wa Ugiriki. Alichukua mayai yaliyoatamiwa, akawa anavunja moja kila siku aone kilichobadilika. Siku chache tu baada ya kuku kuanza kulalia, akaona katika ute nukta ya damu, ndogo kabisa, inarukaruka kama ina akili zake. Ulikuwa moyo. Kifaranga hakina kichwa bado, hakina bawa, lakini moyo umeshaanza kazi.

"Na hiyo yai aliyovunja?" Chepkemoi akauliza, mkononi ana soksi.

Nikamwambia lilikufa, bila shaka. Zamani hizo hukuweza kuona bila kuua.

Akakunja soksi akaenda kulala. Nilibaki najilaumu, maana nilitaka kumfariji, nikaishia kwenye kifo cha yai.

Jumatano, Januari 22

Baridi ya kukausha mate mdomoni. Gari la Kiprop limekataa kuwaka.

Jumapili, Februari 2

Nimebaki nyumbani na Chepkemoi. Hataki kwenda kanisani tena. Kemunto akaja mwenyewe mchana na sufuria ya pilau. Kumbe anakaa jengo hilihili, ghorofa ya chini. Alizungumza saa nzima habari ya kumfanyia Chepkemoi sherehe ya mtoto, baluni, keki, kila mtu alete zawadi. Nilimwona mwanangu anavyoshika ukingo wa kiti.

Nikamfuata Kemunto mlangoni. Nikamwambia kwetu hatununui hata kitambaa kabla mtoto hajalia, na nyumba hii haitaki sherehe. Nilitegemea tugombane. Akanitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Amewahi kupoteza?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mimi nitanyamazisha hao wengine, Mwalimu. Lakini chukua number yangu."

Pilau ilikuwa na chumvi nyingi. Hata hivyo nampa saba.

Jumatatu, Februari 3

Kundi la WhatsApp limetulia kweli. Sijui amewafanya nini.

Jumamosi, Februari 8

Leo nimesoma habari za daktari wa mfalme wa Uingereza, Harvey, yule wa mzunguko wa damu. Mfalme alimruhusu kuwapasua kulungu wake wa msituni, majike waliokwisha kupandwa, ili aone mimba inavyoanza. Akapasua mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki, asikute kitu. Walinzi wa msitu walimwona kama amerukwa na akili. Kumbe mimba ilikuwapo, nyembamba na laini kiasi kwamba macho yake yaliipita tu.

Chepkemoi alisema wanawake wengine huja kliniki mapema mno, skrini haionyeshi kitu, wanalia. Inabidi warudi baada ya wiki mbili, na mara nyingi wanakuta kipo.

Ni mara ya kwanza ameniambia habari ya kazi yake. Sikuinua macho kitabuni, nisije nikamshtua.

Ijumaa, Februari 14

Kiprop ameleta maua mawili, moja la mkewe, moja langu. Tisa.

Jumamosi, Februari 22

Amecheka! Nilikuwa nasoma habari za wale wataalamu walioshikilia kwamba mtoto hatengenezwi tumboni, bali yupo tayari tangu mwanzo, mtu mzima mdogo aliyekunjwa, kazi yake ni kuvimba tu. Wengine walimweka ndani ya mbegu ya mwanamume, mmoja hata akamchora ameshika magoti, kichwa kikubwa. Wengine walisema yumo katika yai la mama, na ndani yake yumo mtoto wake, na wa huyo pia, hadi sisi sote tukawa ndani ya Hawa kama sufuria za dukani zinazoingiana.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa ndani yako, na wewe ndani ya gogo, na huyu pia alikuwa huko ndani amejaa?" akauliza, akipiga tumbo lake.

Nikamwambia kwa hesabu yao, ndiyo, na labda ndiyo maana gogo, mama yangu mzazi, alikuwa anatembea polepole. Akacheka hadi akashika ubavu. Halafu nikaona mkono wake umebaki pale tumboni. Amekuwa akilikwepa tumbo hilo kama mtu anayekwepa kidonda. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Baadaye nikamsomea kuhusu Wolff, kijana aliyewapinga. Alitazama yai la kuku akaona utumbo unaanza ukiwa utando bapa, halafu unajikunja wenyewe hadi unakuwa bomba. Hapakuwa na mtu mdogo aliyejificha. Mtoto anajengwa, siku kwa siku, kutokana na kitu ambacho bado si yeye.

"So hata hajui kama atamaliza," akasema Chepkemoi. Nikamwambia hajui, na bado anaendelea.

Alhamisi, Februari 27

Ameniambia kuhusu uso. Mpiga skani haruhusiwi kumwambia mgonjwa kitu kibaya, hilo ni la daktari. Hata akiona moyo umesimama, anatakiwa apime vipimo vyake, aseme "daktari atakuja kuzungumza nawe," atoke. Wamefundishwa kuzuia uso usiseme. Anasema ameuzoea uso huo hata nyumbani hujikuta ameuvaa.

Mimi nilidhani ni hasira juu yangu.

Jumanne, Machi 4

Theluji nzito, shule zimefungwa. Mandazi.

Jumamosi, Machi 8

Niandike ya leo vizuri, hata kama mkono unauma.

Nimefika kwa Baer. Kwa miaka mingi watu walijua lazima mnyama anyonyeshaye awe na yai, lakini hakuna aliyeliona. Baer alimhitaji mbwa jike wa siku zilezile zinazofaa, na rafiki yake akamtoa mbwa wake wa nyumbani. (Nimemhurumia huyo mbwa kuliko niwezavyo kueleza.) Akampasua, akaona nukta ya njano ndani ya kifuko, akaiweka chini ya hadubini. Mara aliposogeza jicho akaruka nyuma kama mtu aliyepigwa na radi. Alikuwa ameliona, wazi kabisa. Na ameandika mwenyewe kwamba ilibidi apumzike kwanza, akusanye ujasiri, ndipo aweze kuangalia tena. Alishangaa kwamba kitu ambacho mtu amekingoja na kukitamani kinaweza kumtia hofu namna hiyo kinapotokea.

Nilisoma sehemu hiyo polepole. Chepkemoi hakuondoka.

Ningefunga kitabu hapo. Ualimu hauniachii nifunge kitabu kabla ya mwisho wa sura. Nikasoma kwamba Baer huyohuyo alikuwa na viinitete viwili vidogo, mimba changa kabisa, katika pombe kali, ambavyo alisahau kubandika karatasi za majina. Alipovirudia hakuweza kujua ni vya nani. Vingeweza kuwa vya mjusi, au ndege, au mnyama kabisa, maana mwanzoni wote tunafanana. Vikabaki hivyo, chupa mbili zisizo na kibandiko.

Nikasikia kitu kama kikohozi. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa analia, mdomo umefungwa na kiganja.

"Wangu pia ni wawili," akasema. "Na pia hawana jina, Mum. Hospitali waliandika tu Baby, na surname ya Kiprop."

Nikaacha kitabu kianguke. Nikamvuta kichwa nikakiweka mapajani mwangu, kama alipokuwa na surua, na nikalia pia, mwanamke mzima wa miaka sitini na tatu. Kwetu aliyetoka kabla ya wakati haitwi jina. Nilifundishwa hivyo, sikuwahi kuuliza kwa nini, mimi niliyewafundisha mabinti wa watu kuuliza kwa nini. Tulikaa hivyo mpaka Kiprop akarudi, akavua buti mlangoni, akatuona, akaja akakaa sakafuni miguuni petu bila kuuliza.

Jumapili, Machi 9

Tumekwenda kanisani wote watatu. Chepkemoi aliacha koti ndani ya gari. Kemunto alimpisha kiti cha pembeni, akampa peremende.

Jumatano, Machi 19

Jua. Theluji ya kando ya barabara imekuwa nyeusi, inatiririka. Chepkemoi ameenda kupimwa. Skrini bado ukutani. Daktari amesema sawa.

Ijumaa, Machi 28

Mtoto anapiga teke hadi kikombe kinatikisika juu ya tumbo. Nimeruhusiwa kuweka mkono. Kumi kwa kumi.

Jumamosi, Aprili 5

Naandika hospitalini, kwenye karatasi ya nesi, nitaibandika daftarini.

Asubuhi theluji imerudi, ile nzito yenye maji, wakati watu walishaanza kuvua buti. Kiprop alikuwa zamu Savage. Kama saa tano Chepkemoi alitoka chumbani amevaa ule uso. "Mtoto hajacheza tangu niamke. Nimekunywa juice baridi, nimelala side ya left. Hakuna kitu."

Mimi siendeshi gari huku, na yeye kwa hali ile hangeweza. Nikampigia Kemunto. Sikumaliza sentensi. "Vaeni viatu, Mwalimu. Mimi nita-drive." Alikuja na nguo za kulalia chini ya koti. Barabarani magari yalikuwa yanateleza, yeye akashika usukani kwa mikono miwili akiimba tenzi kwa sauti ya chini njia nzima. Nilikuwa nyuma nimemshika mwanangu, nikiwaza: kama ningenyamaza siku ile kanisani, leo ningempigia nani? Sijajisamehe, lakini niliwaza hivyo.

Walituingiza chumba chenye giza kidogo. Msichana mpiga skani, wa Kizungu, mdogo, akampaka mafuta, akaanza. Skrini ilikuwa imegeuzwa, faili lilishasema hivyo. Alisogeza mkono, akasimama, akasogeza tena. Uso wake haukusema kitu.

Chepkemoi akanibana vidole. "Mum, hiyo uso naijua. Ni yangu."

Nami nilikuwa naiona skrini kutoka nilipokaa, lakini ilikuwa ukungu mtupu kwangu, kijivu juu ya kijivu. Nimefundisha moyo kwa chaki miaka thelathini, na nilipouhitaji sikuweza kuupata. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Akafumba macho. Nikadhani anaomba. Kisha akauliza, "Yule mtu wa mbwa. Baada ya kupumzika, aliangalia tena?"

"Aliangalia, mama."

"Okay."

Akafumbua macho, akamwambia yule msichana kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama mtu wa kazi moja anavyomwambia mwenzake, amgeuzie skrini. Msichana alisita. Akaigeuza.

Chepkemoi aliangalia. Macho yake yalipita juu ya ule ukungu kwa haraka, kushoto, chini, kama ninavyosahihisha madaftari mimi. Yakasimama. Halafu akanyoosha kwenye skrini kidole chake chenye kucha iliyotafunwa.

"Ona hapo. Hapo, Mum, chini ya mbavu. Inaruka."

Nikaona. Nukta ndogo, inafunguka na kujifunga, haraka haraka, na haina habari na hofu yetu hata kidogo.

Maji yamepungua tumboni, daktari amesema, ndiyo maana mtoto ametulia, amebanwa. Wanataka azaliwe sasa, hawatangoja; wameshampa dawa ya kuanzisha uchungu. Kiprop yuko njiani. Kemunto ameenda kutafuta chai, bado na nguo za kulalia. Chepkemoi amekataa skrini iondolewe. Wamemwachia mpaka watakapoihitaji kwa mwingine.

Jumapili, Aprili 6

Msichana. Alizaliwa adhuhuri, theluji ikianguka dirishani. Mdogo, mwekundu, mwenye hasira kama mwalimu mkuu. Amelia kabla hata hajatoka wote. Mimi nimelia zaidi.

Jumatano, Aprili 9

Wamerudi nyumbani. Lilibaki jina. Kwetu mtoto huitwa kwa saa yake au hali yake, na tulibishana meza nzima kama theluji ni mvua. Kiprop anasema si mvua, mvua inalowesha. Kemunto, ambaye si wa kabila letu na hakuulizwa, akasema ikianguka kutoka mbinguni na ikageuka maji, hiyo ni mvua, tena mwangalieni huyo viatu vyake mlangoni vinavyotiririka. Kiprop akaangalia viatu vyake. Basi ni Cherop, msichana wa mvua, kama baba yake.

Chai ilipoisha na Kemunto akateremka kwake, Chepkemoi alikuwa ananyonyesha karibu na dirisha. Akasema bila kugeuka, "Wa kwanza ilikuwa lunch. Mchana, jua kali. Alikuwa kijana. Wa pili jua lilikuwa linashuka. Msichana."

Nilimwelewa anachoomba. Mila yangu ilinyanyuka kidogo kifuani, nikaikalisha chini. Nikamwambia majina walikuwa nayo siku zote, ni sisi tuliochelewa kuyasoma. Mvulana wa mchana ni Kibet. Msichana wa jioni ni Chelangat.

Akayarudia, taratibu, akimtazama Cherop usoni, kama anawatambulisha. Kiprop akatoka kwenda kusimama jikoni peke yake kidogo, akarudi na macho mekundu, akakaa.

Halafu Chepkemoi akaniomba niyaandike mahali, yasipotee. Nimechukua kalamu, si ile nyekundu, nikaandika hapa kwa herufi kubwa, kila moja na mstari wake:

Kibet.

Chelangat.

Cherop.

Nimempa daftari asome. Amesoma, akapangusa macho, akasoma tena.